Tupeane uzoefu: Wazee wetu wafugaji wa Arusha na Kilimanjaro, na yale ambayo wasifu wa msibani haukuyasema

Mleta mada, Moshi mjini

Ndugu wanajamvi, salaam. Naomba tupeane uzoefu kuhusu wazee wetu waliotumia maisha yao marefu kufuga ng'ombe ili watulee sisi, wawe bado wako nasi au wameshatangulia mbele za haki.

Kilichonisukuma kuandika ni msiba wa babu yangu mzaa baba, tuliyemzika karibuni huko Siha akiwa amevuka miaka tisini. Kama ilivyo desturi, ulisomwa wasifu wa marehemu: mwaka wa kuzaliwa kwa makadirio, ubatizo, kipaimara, ndoa, idadi ya watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe, maradhi yaliyomsumbua, kisha shukrani kwa madaktari na wauguzi. Kuhusu kazi aliyoifanya tangu utotoni hadi miguu ilipokataa, yaliandikwa maneno haya tu: "alikuwa mfugaji hodari". Simlaumu aliyeandika, kwa maana muda wa ibada ni mfupi na waombolezaji wengine walikuwa na safari ndefu ya kurudi. Hata hivyo, niliondoka nikiwa na hakika kwamba upendo wa babu kwa familia yake ulikaa ndani ya kazi ile, na kwamba mtu asiyejua namna alivyofuga hawezi kueleza namna alivyotupenda.

Alianza akiwa mtoto, akichunga ng'ombe wa walowezi katika nyanda za magharibi mwa Kilimanjaro. Baada ya Uhuru aliajiriwa katika Ranchi ya Taifa ya West Kilimanjaro, wakati ambapo Siha bado ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Hai, akawa miongoni mwa waliowahudumia ng'ombe aina ya Boran. Huko ndiko alikojifunza kuhasi, kupiga chapa, kuogesha kwa ratiba na, zaidi ya yote, kuweka kumbukumbu. Alipoacha kazi alikuwa tayari na ng'ombe wachache wa kwake chini ya Sanya Juu, akawaendesha kwa taratibu zilezile za ranchi ingawa hawakujaza hata nusu ya zizi.

Tulipofungua sanduku lake tulikuta kauntabuku zake zote, zimefungwa kwa kamba ya katani. Kila ukurasa una mistari aliyoichora kwa rula: jina la ng'ombe, tarehe ya kupandwa, tarehe anayotarajiwa kuzaa baada ya miezi tisa, jinsia ya ndama, tarehe ya kuuzwa. Safu ya mwisho aliipa kichwa "Sababu". Katika safu hiyo nimesoma "ada ya kidato cha kwanza" na jina la baba yangu. Nimesoma "upasuaji wa mama", "mabati", "nauli ya usaili Dar es Salaam", "mahari ya mdogo wetu". Shangazi zangu wawili walijikuta wakibishana kwa upole ni nani kati yao alisomeshwa na yule maksai mwekundu mwenye baka jeupe begani, na kauntabuku ndiyo iliyoamua. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeondoka zizini bila sababu kuandikwa, na sababu zote ni watu.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja kirahisi: maksai na madume ndio wa kuuzwa, mtamba anabaki, kwa sababu mtamba amebeba uzao wa miaka ijayo na anayemuuza amekula ada ya mtoto ambaye hajazaliwa. Mara pekee ninazoziona ameuza mitamba zinahusu matibabu.

Basi naomba kila mwenye kumbukumbu aandike. Mzee wako alianzaje? Alifuga wapi, kwa njia gani, na alikuwa anamfikiria nani alipokuwa akifanya hivyo? Tafadhali msitaje majina ya watu wa familia.

Mchangiaji kutoka Ngarenanyuki, Arumeru

Poleni sana kwa msiba, na Mungu ampumzishe mzee mahali pema. Naomba nichangie kuhusu baba yangu, ambaye maisha yake ya ufugaji yalianza kwa kufukuzwa.

Alikuwa mtoto wa kuchunga ndama mwaka 1951, wakati serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru katika ardhi yao ya Ngarenanyuki na Leguruki ili eneo hilo lifanywe mashamba ya mifugo ya walowezi. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa moto, wakatakiwa kuhamia King'ori, ambako wazee walikataa kwenda kwa hoja kwamba ni kwenye joto na maradhi, kwa watu na kwa ng'ombe. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton aliyekuwa na ofisi Moshi. Habari hizo ziko katika vitabu vya historia, na ni vizuri vijana wazisome.

Kisichokuwamo vitabuni ni kile baba alichokikumbuka hadi uzeeni. Katika vurugu za siku ile ng'ombe wakubwa waliswagwa upande mmoja na ndama wakatawanyika upande mwingine. Ng'ombe wetu wa kienyeji hateremshi maziwa mpaka ndama wake aanze kunyonya. Ukimkamua bila ndama anakaza, na chuchu zinatoka tone moja moja. Kwa hiyo familia ilikuwa na ng'ombe wenye viwele vilivyojaa hadi kuuma, na watoto wasiokuwa na maziwa ya kunywa, kwa sababu ndama hawakupatikana. Mdogo wake baba alikuwa bado ananyonya, na bibi yetu alikuwa anaumwa. Baba hakusimulia zaidi ya hapo, nasi tulijifunza kutomuuliza zaidi ya hapo.

Familia iliporudi kwenye ardhi baada ya Uhuru, naye akawa na mji wake, alijenga banda la ndama kabla ya kumaliza kuezeka nyumba ya kulala. Lilikuwa la mbao nzito, limeinuliwa kutoka ardhini ili mkojo usituame, na mlango wake ulielekea chumba chake mwenyewe. Jioni hakuketi kula mpaka ahakikishe kwa macho yake kwamba kila ndama amemfikia mama yake. Wageni walimwona mzee wa ajabu, anayeacha ugali upoe kwa ajili ya ndama. Sisi watoto tulifahamu kwamba alikuwa anatuhesabu na sisi pia, kwa kuwa akitoka bandani alipita kwenye mlango wa jikoni na kuangalia nani yupo na nani bado hajarudi.

Wasifu wake ulisema alipenda familia. Ningetamani ungeongeza kwamba alifanya hivyo kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, akiwa ameshika taa ya chemli.

Mchangiaji kutoka Machame, Hai

Nashukuru kwa mada hii, na nimeguswa na simulizi zilizotangulia. Nina jambo la kuongeza ambalo naomba lipokelewe kwa moyo mweupe, kwa sababu naona tunaelekea kuwasimulia wazee kana kwamba walifuga peke yao.

Huku kwetu kihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, hakuna machungio. Ng'ombe anafungwa bandani mwaka mzima na anangojea kuletewa. Nyasi zilitoka tambarare, na aliyezibeba kutoka tambarare hadi juu alikuwa mama. Aliondoka kabla ya jua, akarudi na mzigo kichwani uliomfunika mpaka mabegani, akipandisha mlima ambao hata asiye na mzigo anaupanda kwa kupumzika. Baada ya mavuno ya mahindi ya tambarare yalikuwa mabua badala ya nyasi, na mabua yanakata shingo. Baba alikuwa na kazi yake, nayo haikuwa ndogo: alikatakata mashina ya migomba kwa panga ili ng'ombe wapate maji na kitu cha kutafuna wakati wa kiangazi, alizoa samadi na kuipeleka kwenye migomba na kahawa, alikesha na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Alikuwa mume mwema na baba wa kupigiwa mfano. Lakini mzigo mzito zaidi katika ufugaji wetu ulikuwa juu ya kichwa cha mama, na wasifu wake yeye ulisema "mama wa nyumbani".

Nikisema hayo, baba ana jambo moja ambalo namheshimu nalo hadi leo. Kwa desturi yetu maziwa yalikuwa ya mama, na ng'ombe akiuzwa au akichinjwa ilikuwa kauli ya baba. Maziwa yalipoanza kuwa na fedha ya maana, baadhi ya wanaume waligundua ghafla kwamba na maziwa nayo ni yao. Mwaka 1988 wanawake wa kijiji cha Nronga, hapahapa Hai, walianzisha ushirika wao wa maziwa, na habari zake zikavuma vijiji vyote vya jirani. Baba alimwambia mama mbele yetu sote kwamba fedha ya maziwa haitapita mikononi mwake, na hakuigusa. Asubuhi alikuwa akimbebea mama ndoo ya maziwa mpaka barabarani, mchana kweupe, katika miaka ambayo mwanamume kuonekana na ndoo ya maziwa lilikuwa jambo la kusemwa kilabuni. Alisemwa, akaendelea kubeba.

Mleta mada, Moshi mjini

Dada yangu, umesema kweli na nakushukuru. Nimerudi kwenye kauntabuku za babu nikitafuta jina la bibi. Katika safu ya "Sababu" limo mara nyingi, anaponunuliwa vitenge, anapotibiwa, anapojengewa jiko. Katika upande wa kazi halimo kabisa, ingawa kila mtu nyumbani anajua kwamba bibi ndiye aliyekamua. Nimemwomba shangazi mkubwa aandike upande huo wakati kumbukumbu yake bado ni nzuri.

Mchangiaji kutoka Monduli Juu

Baba yangu ni wa rika la Seuri na yungali hai, ingawa macho yamefifia. Namwandikia angali yupo ili nimsomee.

Kwetu mzee hapimwi kwa wingi wa ng'ombe tu, anapimwa kwa namna alivyowavusha wakati wa njaa. Mwaka 2009 ukame uliokuwa umeanza mwaka uliotangulia ulifikia kilele chake katika Monduli, Longido na Ngorongoro, na mifugo ikafa kwa wingi ambao vijana hawakuwahi kuuona. Baba aliona dalili mapema. Mvua za vuli ziliposhindwa aliamuru alalili ifungwe, yaani lile eneo la malisho la karibu na boma linalotunzwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa, na akasimamia mwenyewe hata dhidi ya ndugu zake wa damu waliotaka kuingiza mifugo yao. Kisha aliwagawa ng'ombe. Kundi moja lilielekea Simanjiro pamoja na kaka zangu, jingine likaenda kwa marafiki zake wa upande wa Meru, na wengine wakabaki nyumbani kwa ajili ya maziwa ya watoto. Aliuza wakubwa wenye nguvu mnadani Meserani wakati bado wana nyama mwilini, jambo lililowaudhi vijana sana, kwa maana waliona mzee anatapanya mali. Miezi michache baadaye watu walikuwa wanauza ng'ombe kwa bei isiyofaa hata kutajwa, na wengine walibaki na ngozi.

Naikumbuka kazi ya asubuhi. Ng'ombe aliyelala usiku akiwa dhaifu hawezi kuinuka mwenyewe, na akibaki chini jua likipanda hatainuka tena. Kwa hiyo tulizunguka bomani alfajiri, wawili wakishika pembe, wawili wakipitisha mikono chini ya tumbo, mmoja akiinua kwa mkia, mpaka asimame na kutetemeka na kupata mizani. Baba, aliyekuwa tayari mzee wa kuketi kivulini, alishika pembe kama sisi, akimwita kila ng'ombe kwa jina lake la rangi na kumwambia anyanyuke. Wengi hawakunyanyuka. Alilia mara moja tu mbele yetu, na ilikuwa kwa ng'ombe wa uzao ambao mama yake alikuja nao siku ya harusi.

Kundi la Simanjiro lilirudi pungufu, lakini lilirudi. Fedha ya wale waliouzwa mapema ndiyo iliyonunua mahindi ya boma zima, na ndiyo iliyoniwezesha mimi kubaki sekondari wakati wenzangu wengi walirudishwa nyumbani. Nilipomaliza masomo nilimuuliza alijuaje. Alisema kwamba alikuwa amemsikia Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwahimiza wafugaji kuuza sehemu ya mifugo na kusomesha watoto, kwamba wakati huo hakuafiki, na kwamba aliafiki alipomaliza kumzika. Maziko yale ya Aprili 1984 hapa Monduli Juu baba anayasimulia kana kwamba ni ya jana.

Mchangiaji, mtaalamu wa mifugo mstaafu, Tengeru

Nimewahudumia wazee wa aina hii kwa miaka mingi, hivyo niruhusuni niseme nilichokiona nikiwa mgeni katika mazizi yao.

Adui mkubwa wa ndama katika mikoa hii miwili ni ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa masikioni. Ndama anapata homa, tezi ya chini ya sikio inavimba, anapumua kwa shida, povu linatoka puani, na mara nyingi anakufa. Mzee mmoja wa upande wa Ngaramtoni alikuwa na mazoea ya kuwapapasa ndama wote chini ya masikio kila asubuhi wakati wa kuwatoa, kwa vidole viwili, bila kusimamisha mazungumzo. Akigusa tezi iliyovimba alinipigia simu kabla ndama hajaacha kunyonya. Kwa sababu ya vidole vile, dawa ilimfikia ndama mapema, na dawa ya ndigana kali inayochelewa ni fedha iliyotupwa.

Chanjo ya ndigana kali ilipoanza kuletwa kwa wafugaji wa kaskazini, wengi walisita, kwa sababu ndama anadungwa vimelea vyenyewe vya ugonjwa sambamba na dawa ya kuvidhibiti, na si rahisi kumwambia mtu aruhusu ndama wake mzima kuambukizwa. Mzee yule aliuliza maswali yake yote mbele ya wanawe, akawataka nao waulize, kisha akachanja ndama wote. Josho hakuliacha, akisema kwamba chanjo hiyo ni ya ugonjwa mmoja na kupe wana mengi. Alikuwa sahihi kitaalamu: ndigana baridi, kwa mfano, haizuiwi na chanjo ile.

Nilikwenda kwenye maziko yake. Wasifu haukutaja chanjo, wala sikutegemea utaje, lakini wanawe watatu ni wafugaji hadi leo, na nimewaona wakipapasa ndama kwa vidole viwili.

Mchangiaji kutoka Marangu

Baba alifuga ng'ombe wawili tu maisha yake yote, kwa hiyo sikujua kama nafasi yangu ipo hapa. Alisomesha watoto sita kwa kahawa, na kahawa ilisimama kwa samadi ya ng'ombe wale. Ni hayo tu. Asanteni.

Mleta mada, Moshi mjini

Nafasi yako ipo, ndugu yangu, na watoto sita ni habari kubwa.

Kabla sijasahau, nina swali linalotukabili nyumbani sasa hivi. Babu alifariki kabla ya kugawa ng'ombe waliobaki. Matanga yameanuliwa na kikao cha ukoo kinakuja. Wazee wenu walifanyaje?

Mchangiaji kutoka Monduli Juu

Kwetu ugawaji unaanza mapema, mzee akiwa na nguvu. Kila mke ana ng'ombe wa nyumba yake, na hao watoto wa nyumba nyingine hawawagusi. Mtoto wa kiume anapewa ndama wake tangu utotoni, na uzao wa ndama yule unahesabiwa kuwa wake, hivyo mzee anapoondoka kinachobaki kugawiwa si kingi. Baba ameniita mimi na kaka zangu mwaka huu na kutuonyesha mmoja mmoja, zizini, mbele ya mashahidi wa rika lake. Dada zetu pia wamepewa, jambo ambalo baadhi ya wazee wenzake hawakulipenda.

Mchangiaji kutoka Machame, Hai

Kwetu mzaliwa wa kwanza na kitinda mimba ndio walioangaliwa zaidi kwa desturi, na mabinti walibaki kando. Ushauri wangu ni kwamba bibi, kama yupo, aulizwe kwanza na ajibu kabla wanaume hawajaanza kuongea. Pelekeni kauntabuku zile kikaoni. Mzee aliandika mwenyewe ng'ombe yupi ni uzao wa yupi na nani alikwisha kunufaika na nini, kwa hiyo hakuna atakayesema amesahaulika wala atakayedai mara mbili.

Mleta mada, Moshi mjini

Bibi yupo, na nitampigia baba leo jioni ili jambo hilo liwekwe mwanzoni mwa kikao. Mama yangu amependekeza kwamba mitamba isigawiwe kabisa, ibaki pamoja kwa jina la bibi, na maksai watatu wauzwe Weruweru kwa ajili ya kitukuu anayeingia kidato cha kwanza Januari. Nimeshachora mstari mpya kwenye kauntabuku ya mwisho, na safu ya "Sababu" nimeiacha hapohapo alipoiweka.

Wa Longido, Karatu, Rombo na Mwanga hamjaandika bado. Tunawasubiri.